Sinema Haikuonyesha Kikombe

Mwalimu wetu alizima taa, akasema leo hatusomi, tunatazama sinema. Mimi sikufurahi. Nilikuwa nimepanda basi, nikapanda treni, kutoka Thamesmead mpaka Stratford, hapa London, na miguu yangu hii inayovimba, ili nijifunze kusoma Kiingereza. Picha za kutazama hata nyumbani zipo.

Niseme kwanza kwa nini nilikuwa pale, maana mwanamke wa umri wangu hakai kwenye kiti cha plastiki kila Jumanne na Alhamisi bila sababu.

Ninaishi na binti yangu na mjukuu wangu mmoja, msichana. Binti yangu anahudumia wazee majumbani kwao. Anawaogesha, anawalisha, anawapa dawa. Kazi hiyo ni ya zamu, na siku nikiwa na kliniki ndiyo siku ambayo yeye hayupo. Basi aliyekuwa akinipeleka ni mjukuu. Daktari anasema, mtoto ananigeuzia kwa Kiswahili chake cha kuokota, mimi najibu, mtoto anamgeuzia daktari. Sukari, presha, macho, meno. Ilifika mahali mtoto anayajua maradhi yangu kuliko masomo yake.

Siku moja ikaja barua ya shule. Nikampa anisomee. Akaitazama, akaniambia wanasema kuna safari ya kwenda makumbusho. Nikaiweka juu ya friji. Mama yake aliporudi kazini akaisoma, akavuta kiti akakaa. Hapakuwa na safari wala makumbusho. Barua ilisema mtoto amekosa shule mno, na huu ni mwaka wa mtihani wa mwisho, na akiendelea hivi wataita wazazi.

Nikamuuliza kwa nini alinidanganya. Akanijibu kwa Kiingereza, kama wanavyojibu hawa waliozaliwa hapa, na nikamwelewa: ningejua, nisingekwenda tena kliniki.

Alisema kweli. Nisingekwenda.

Lakini jambo lile liliniuma mahali pa zamani. Mimi nilitolewa shule Muheza nikiwa darasa la tatu, nikapelekwa Tanga mjini kuwa yaya katika nyumba ya Mhindi. Nilitolewa ili niwe mikono ya watu wengine. Na sasa mimi mwenyewe, mzee mzima, nimemtoa mtoto shule awe macho yangu na mdomo wangu. Nikasema hapana. Nitajifunza kusoma, nitakwenda kliniki peke yangu, na mtoto atakaa darasani kwake.

Ndivyo nilivyofika Stratford. Darasa la karibu lilikuwa limejaa.

Tulikuwa watu kumi na wawili katika ukumbi mmoja wenye harufu ya viatu vya michezo. Wanawake wa Kihindi walikaa upande wa hita. Sisi Waafrika tulikaa upande wa mlango. Hakuna aliyetupanga hivyo. Katikati palibaki meza mbili tupu, na mzee mmoja wa Kipolandi alikaa hapo kwa sababu hakuna aliyemwambia kuwa tumegawanyika. Mwalimu alikuwa kijana mwembamba, Mwingereza, anakuja kwa baiskeli na kofia yake ya plastiki, na kila tukikosea anasema vizuri sana. Mimi sipendi kuambiwa vizuri sana nimekosea, lakini moyo wake ulikuwa mzuri.

Kwa kuwa nilikuwa nawahi, nikajitwalia kazi ya chai. Nachemsha maji, napanga vikombe, natia maziwa kwa anayetaka. Wiki ya kwanza nilimpelekea kila mtu. Nikafika kwa mama mmoja wa Kihindi, mdogo wa mwili, nywele nyeupe kazisuka msuko mmoja, shali begani. Akatikisa kichwa, akatoa kwenye mkoba gilasi yake ya stili, imefungwa kwenye kitambaa, akaenda kujimiminia mwenyewe.

Nikarudi na kikombe changu mkononi. Mama wa Kongo niliyekuwa nakaa naye darasani akaniuliza, "Ni nini? Umebadilika uso."

"Si kitu," nikamwambia.

Kilikuwa kitu. Katika nyumba ile ya Tanga nilikuwa na kikombe changu cha bati, cheupe, kimebanduka rangi ukingoni, kimetundikwa kwenye msumari nje ya jiko. Vikombe vya ndani niliviosha, nikavikausha, nikavipanga kabatini, lakini kunywea hapana. Siku moja nilikuwa na kiu na mikono yangu ilikuwa tayari ndani ya maji, nikachota kwa kile nilichokuwa naosha, nikanywa. Memsaab, mke wa mwenye nyumba, aliniona. Hakunipiga wala hakugomba. Alikichukua kile kikombe, kizima, hakina ufa, akakitia kwenye pipa la taka. Heri angenipiga.

Nilipoondoka nyumba ile niliapa sitakunywa tena chai ya Mhindi. Nimekitunza kiapo hicho umri wangu wote. Hapa London nimealikwa na majirani, nimealikwa na wafanyakazi wenzake binti yangu kule Harrow, watu wakarimu, meza imejaa. Asante, nimeshiba. Binti yangu aliona aibu, lakini hakuwahi kujua sababu, kwa kuwa sikuwahi kumwambia.

Sasa turudi kwenye sinema.

Ilikuwa habari ya mwalimu wa kike aliyepelekwa shule moja katika mji wa viwanda. Darasa limegawanyika. Wazungu dirishani, weusi ukutani, wengine wote nyuma. Wanatupiana matusi, wanatupiana vitabu. Mkuu wa shule anamwambia mwalimu asijisumbue na hawa. Mwalimu akajisumbua. Alitoa viti vyote nje, akaleta mabenchi marefu, akasema kila benchi watu wawili, na asiye tayari kukaa na mtu wa rangi nyingine asimame. Wakasimama siku tatu. Siku ya nne miguu ikauma, wakakaa. Kuanzia hapo mambo yakateremka yenyewe kama maji: huyu kamwonyesha yule hesabu, yule kamfundisha huyu kucheza, yule mkorofi kuliko wote akalia. Na mwalimu alipofukuzwa kazi, darasa zima likabeba benchi mpaka barabarani, mvua inanyesha, wakaliweka mbele ya gari lake wakakaa juu yake ili asiondoke. Muziki ukapanda.

Ukumbi wote ulikuwa unalia. Mzee wa Kipolandi anapenga kamasi. Yule mama wa Kihindi kajifunika shali mpaka puani. Mama wa Kongo alikuwa analia kwa sauti kama yuko msibani.

"Mama, wewe huna roho?" akaniuliza.

"Ninayo. Nauliza tu, wale watoto walikula wapi?"

"Kula wapi namna gani?"

"Kula. Sinema nzima hakuna aliyekula wala kunywa maji. Kukaa pamoja hata kwenye basi watu wanakaa. Mtu utamjua kwenye kula."

"Unyamaze. Unaniharibia machozi."

Mwalimu aliwasha taa na yeye macho mekundu. Nikajua tumekwisha. Mtu mwema akitoka kwenye sinema ya namna ile hawezi kuacha mambo kama alivyoyakuta.

Kweli, Jumanne iliyofuata tulikuta viti vimerundikwa ukutani, na yeye anaburura mabenchi kutoka stoo ya michezo, jasho linamtoka. Akasema, huku anacheka, leo tutakaa kama kwenye sinema. Akatupanga wawili wawili. Mimi akaniweka na mama wa gilasi ya stili. Alikuwa ametazama karatasi zetu akaona mimi nimezaliwa Muheza na yeye kazaliwa Moshi, akafurahi, akasema mnatoka sehemu moja. Kwenye ramani ni kweli, ni karibu.

Tukakaa. Yeye alikaa kwenye ncha kabisa ya benchi, mbali nami kadiri alivyoweza, au labda ili aache nafasi, maana mimi mwili ninao. Mwishowe akasema kwa Kiswahili, "Wewe toka Tanga? Mimi toka Moshi. Baba yangu iko na duka ya vitambaa."

"Mm," nikasema.

"Siku mingi mimi hapana sema Kiswahili. Nzuri sana."

"Mm."

Nakiri sikumsaidia. Kiswahili chake kilikuwa kilekile cha jikoni, kile nilichoamrishwa nacho utotoni, na kila neno lake lilikuwa linagonga msumari ule wa nje ya jiko. Sikukumbuka kuwa Kiingereza changu mimi hakikuwa kizuri kuliko Kiswahili chake.

Wakati wa chai ukafika. Akafungua kitambaa chake, akatoa gilasi, akaninyooshea. Alikuwa anatabasamu, meno yote nje. "Haya mama," akasema, "tia chai hapa. Moto moto."

Leo najua alikuwa ananifanyia heshima. Alikuwa anampa mtu mwingine gilasi yake aishike. Siku ile sikusikia hivyo. Nilimsikia memsaab.

"Mimi si yaya wako!" nikasema, nikanyanyuka kwa nguvu.

Sasa benchi lile la michezo miguu yake haiko mwisho, imeingia ndani. Mimi ndiye niliyekuwa nimelikandamiza. Niliponyanyuka upande wangu ukaruka juu, upande wake ukaenda chini, na yule mama, mdogo wa mwili, akateleza kama mzigo kutoka kwenye toroli, akaangukia mkono. Gilasi ikalia sakafuni, ikabingirika mpaka miguuni kwa mzee wa Kipolandi.

Halafu mmoja wa wanawake wa upande wa hita akasema kwa Kiingereza ambacho hata mimi nilikielewa: kamsukuma.

Sikumsukuma. Ningeweza kusema hivyo. Ningeweza kuinama nimwinue, nilikuwa karibu naye kuliko wote. Nilichukua mkoba wangu nikatoka.

Nyumbani nikasema masomo yamekwisha. Binti yangu alikuwa anavaa sare ya kazi, hakuuliza. Mjukuu aliniangalia tu. Wiki mbili nikakaa nyumbani nachambua mchele ambao hauna mawe.

Ndipo ikaja barua ya hospitali ya macho. Nilikuwa na mtoto wa jicho, jicho la kulia, limetanda ukungu, nimesubiri kupasuliwa kwa majira mawili ya baridi. Nikampa mjukuu barua. "Soma kama ilivyoandikwa," nikamwambia. "Usinipeleke makumbusho."

Akasoma. Akaanza tena mwanzo, kana kwamba tarehe itabadilika. Siku ya kupasuliwa ilikuwa siku ya mtihani wake wa hesabu. Na barua ilisema mgonjwa aje na mtu wa kumsindikiza na kumrudisha nyumbani, asiye na mtu hapasuliwi.

Binti yangu akaomba ruhusa kazini, akanyimwa, zamu zilikuwa zimeshapangwa. Nikawapigia watu watatu wa kanisani, kila mmoja ana kazi yake. Mama wa Kongo alikuwa amekwenda Birmingham, mwanawe kajifungua. Nikisogeza siku, narudi mwisho wa foleni, na jicho la pili nalo lilikuwa linaanza.

Mjukuu akaweka mkono begani kwangu. Akasema si neno, mtihani unaweza kurudiwa baadaye, wapo wanaorudia.

"Utarudia lini?" nikamuuliza. "Mimi niliambiwa nitarudi shule baada ya mavuno. Mpaka leo mavuno hayajaisha."

Nikamwambia nenda kasome, mtu wa kunisindikiza ninaye. Nilisema uongo. Tukawa sasa sare, yeye na mimi.

Alhamisi nikarudi Stratford. Nilikuwa nimekusudia kumwomba mwalimu. Lakini kuna utaratibu. Kwetu mtu aliyekosa haingii na ombi, anaingia na kosa lake kwanza. Yule mama wa Kihindi alikuwa pale pale kwenye benchi, mkono kaufunga bendeji, safari hii kakaa katikati. Nikaenda nikasimama mbele yake, mbele ya wote, kwa kuwa mbele ya wote ndipo nilipomwangusha.

"Nilikuangusha," nikasema. "Kukuangusha sikukusudia. Lakini sikukuinua, na hilo nilikusudia. Naomba unisamehe."

Akanitazama. "Kaa," akasema.

Nikakaa, polepole, nimeshika benchi kwa mikono miwili. Mzee wa Kipolandi akacheka, akajifanya anakohoa.

"Kwa nini wewe kasirika?" akaniuliza. "Mimi nasema chai tu."

Nikamwambia. Sijawahi kumwambia binti yangu, nikamwambia yeye. Kikombe cha bati, msumari, kikombe kizima kilichotiwa kwenye pipa. Nilisema taratibu ili aelewe. Alielewa kabla sijamaliza. Alitazama chini, akawa anavuta uzi wa bendeji.

"Kwetu ilikuwa bluu," akasema. "Nje, kwa mti ya limau."

"Nani alikitundika?"

"Mimi. Mama nasema tundika, mimi natundika. Mimi iko mtoto."

"Na mimi nilikuwa mtoto."

"Ndiyo," akasema.

Baadaye akainua gilasi yake ya stili. "Hii, wewe fikiri kwa sababu yako. Hapana. Mdomo yangu hapana kubali kikombe ya watu. Mama nafundisha hivyo, basi. Ya Wazungu hapana. Hata ya mkwe yangu, bibi ya kijana yangu, hapana."

"Hata ya mkamwana wako?"

"Yeye zaidi!"

Nikacheka. Sikutaka, kikanitoka.

Akanieleza, kwa Kiswahili chake na Kiingereza kidogo na mikono, kuwa na yeye shule aliiacha darasa la nne. Kaka zake wakaendelea. Yeye akasimama dukani anapima vitambaa kwa yadi, akaolewa, mume akawa ndiye msomaji wa kila kitu. Mume akafa. Barua zikajaa mezani, hajui ipi ya benki ipi ya mazishi. Nilimtazama. Nilikuwa nimedhani nyumba zile kila mtoto wa ndani alisoma. Nilidhani wa nje tu ndiye aliyeachwa.

Mwalimu akaja, nikampa barua yangu aisome, nikamwomba anisindikize. Akajikuna kichwa. Siku hiyo ana madarasa mawili, hana wa kumshikia, akaniomba radhi mara nne. Nikasema basi, sina neno. Nikawa nakunja ile barua.

"Hospitali gani?" akauliza yule mama.

Nikamwonyesha. Hakuweza kuisoma ila alama iliyo juu ya karatasi aliijua. "Mimi jua hii. Macho yangu yote mbili nafanya hapa. Lifti iko kushoto, choo mbali." Akafunga gilasi yake kwenye kitambaa. "Mimi nakwenda."

"Na mkono wako?"

"Mimi nakwenda na miguu."

Siku ile mjukuu wangu alitoka nyumbani na kalamu tatu na rula. Nilimsindikiza mpaka mlangoni. Akaniuliza, huyo mtu wako kweli anakuja? Nikamwambia anakuja. Sikuwa na hakika. Lakini nilipofika Stratford alikuwepo, kwenye mlango wa stesheni, katika umati ule wa watu wanaokimbilia kazini, kasimama kama nguzo ndogo, mkoba mkubwa kuliko yeye.

Kupasuliwa kwenyewe si maneno mengi. Wanatia dawa ya ganzi, unaona taa, unaona rangi zinatembea kama mafuta juu ya maji, kisha wanakwambia tayari. Wakaniwekea ngao ya plastiki, nikapelekwa kwenye kiti kikubwa nipumzike. Yule mama akavuta kiti chake karibu nami.

Nilikuwa natetemeka. Si baridi, ni woga uliokuwa unatoka baada ya kazi. Akaona. Akafungua mkoba, akatoa chupa ya chai, akafungua kile kitambaa akatoa gilasi. Moja tu. Akamimina. Harufu ya tangawizi na iliki ikajaa kona yetu yote, mpaka muuguzi akageuka.

Akaninyooshea. Safari hii ilikuwa imejaa.

Kiapo changu kilikuwa na umri mkubwa kuliko binti yangu. Niliitazama ile gilasi kwa jicho moja. Nikaipokea, nikanywa. Nilikunywa yote, ilikuwa chai nzuri, sukari imezidi kwa watu wawili wenye kisukari.

Nikamrudishia. Akamimina yake. Halafu, kabla ya kuipeleka mdomoni, akachukua ncha ya shali akafuta ukingo. Alifanya haraka, chini chini, upande wa jicho langu lenye ngao. Lakini ngao ile inapitisha mwanga.

"Umefuta," nikamwambia.

Akaitazama gilasi, akanitazama mimi.

"Mimi nafuta," akasema. "Lakini mimi nakunywa."

Akanywa. Nilimwona akimeza kwa shida lile funda la kwanza, la pili likaenda vizuri zaidi. Nikafikiria ile sinema. Kule mvuani kwenye benchi hakuna mtoto aliyefuta kitu, wote walikumbatiana mara moja. Wale sikuwaamini. Huyu nilimwamini, kwa kuwa nilimwona alipofuta.

Alinirudisha mpaka mlango wa chini wa jengo letu, Thamesmead, safari ndefu kwa mtu wa umri wake, akakataa kuingia kwa kuwa lifti yetu ilimtisha. Akaniandikisha namba yake ya simu, tarakimu kubwa kubwa, hizo sote wawili tunazijua.

Mjukuu alirudi mchana. Nikamuuliza hesabu. Akainua mabega, akasema swali la mwisho lilikuwa baya, lakini macho yake yalikuwa yanacheka, nikajua yamekwenda vizuri. Akachukua karatasi niliyopewa hospitali akanisomea. Matone mara nne kwa siku. Usifikiche. Usiiname. Usinyanyue mzigo. Usitie maji ya sabuni. Ukiumwa sana piga simu. Akaikunja.

"Fungua," nikasema. "Umeruka mstari."

Akasema hajaruka.

"Mistari ni saba. Umenisomea sita. Kidole chako kilipita juu ya wa tatu kama paka juu ya maji."

Nikaivuta karatasi, nikaisogeza kwenye jicho langu zima. Sikujua maneno yote ya mstari ule. Lakini neno moja mwalimu alikuwa ametufundisha wiki ya pili: peke yako. Na kabla yake palikuwa na neno la Kiingereza la kukataza. Usikae peke yako. Na namba, saa ishirini na nne.

"Kesho una nini shuleni?"

Akatazama ukuta.

"Nakuuliza."

Mtihani wa biolojia, akasema. Lakini mama ana zamu, na mimi lazima niwe na mtu, na alikuwa amekusudia atoke asubuhi kama anakwenda shule, angoje mama yake aondoke, kisha arudi kukaa nami. Alisema yote hayo haraka haraka kwa Kiingereza na mimi nilielewa yote. Ningekuwa bado sijui kusoma lile neno moja, angefanya hivyo hivyo, na mimi ningemkaribisha nikidhani wamefunga mapema.

"Utakwenda," nikamwambia. "Niletee simu."

Nikabonyeza zile tarakimu moja moja. Ililia mara nyingi. Akapokea.

"Mimi wa jicho," nikasema. "Kesho natakiwa nisikae peke yangu. Mtoto ana mtihani."

"Saa ngapi?" akasema.

"Saa mbili asubuhi. Ngazi zipo, huna haja ya lifti. Ghorofa ya pili."

"Haya. Mimi naleta chai. Mimi naleta gilasi."

Nikageuka nikatazama kabati langu la jikoni, vikombe vyangu vyeupe vimepangwa, vyote vya ndani, hakuna hata kimoja kilichotundikwa nje.

"Chai lete," nikamwambia. "Gilasi usilete. Vikombe vipo."

Nilisikia televisheni upande wake, na mkamwana wake anagombeza mtoto.

"Sawa," akasema. "Lakini mimi naosha mwenyewe."

"Osha," nikamwambia. "Maji ya moto yapo."